Tovuti ya Biashara: Ijengwe Upya Lini, na kwa Njia Gani

Wenye biashara wengi jijini Nairobi huniita niwajengee tovuti upya kwa moja ya sababu mbili: ama mshindani wa jengo la pili amezindua yake, ama wao wenyewe wamechoka kuitazama waliyo nayo. Sababu zote mbili ni za kibinadamu na wala sizibezi, ila hakuna hata moja inayomhusu mteja. Mwenye duka ameitazama tovuti yake kila asubuhi kwa miaka minne, na ile rangi ya buluu imemchosha. Mteja huifungua mara moja tu, kwa dakika mbili, akiwa ndani ya matatu iliyokwama Thika Road, akitafuta bei, mahali duka lilipo na nambari ya simu. Kwa hiyo jambo la kuchunguza kwanza ni mahali hasa anapokwama mteja huyo, na kama mahali hapo panaweza kurekebishwa bila kubomoa nyumba nzima.

Uchunguzi huo haufanyiki ofisini. Januari moja, wiki ambayo shule zilikuwa zinafunguliwa, niliketi kwa saa tatu kwenye kaunta ya duka la sare za shule katika Biashara Street. Mwenye duka alikuwa ameniita tuzungumzie tovuti mpya kabisa, "ya kisasa, yenye picha zinazotembea". Akaingia mama mmoja mwenye simu ya Tecno iliyopasuka kioo pembeni, nami nikamwomba anionyeshe jinsi alivyolipata duka. Alikuwa amepitia tovuti. Nambari ya simu ilikuwa juu ya ukurasa, kubwa na ya kupendeza, lakini ilikuwa sehemu ya picha, si maandishi. Aliigusa mara tatu isipige, akajaribu kuinakili isinakilike, na mwishowe akaiandika kwa kalamu nyuma ya risiti ya supamaketi, risiti ambayo bado alikuwa ameishika. "Nilidhani simu yangu ndiyo mbaya," akasema. Bei ya sweta nayo haikuwapo popote, na alikuwa amepanda matatu kutoka Kayole kuja kuiuliza.

Duka lile halikuhitaji tovuti mpya. Lilihitaji nambari ya simu iliyo maandishi, jedwali la bei kwa kila saizi, na orodha ya shule ambazo sare zake zilikuwapo. Ilikuwa kazi ya siku mbili, na niliifanya kwa siku mbili, ingawa nakiri kwamba kazi kubwa ingenilipa vizuri zaidi.

Asiyeweza kuketi kaunta kwa saa tatu na aweke daftari. Kwa wiki mbili, anayepokea simu na kujibu ujumbe wa WhatsApp aandike kila swali linaloulizwa, kwa maneno yale yale ya mteja, bila kulisafisha. Swali linalojirudia kila siku ni jambo ambalo tovuti hailisemi au inalificha. Daftari hilo lina faida nyingine: linakuonyesha lugha. Tovuti nyingi za hapa zimeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini, ilhali wateja wale wale huuliza kwa Kiswahili "mko upande gani wa town" na "mnaleta hadi Rongai kwa pesa ngapi". Majibu ya maswali hayo yakiwekwa kwenye ukurasa kwa maneno hayo hayo, nusu ya kazi ya kujenga upya huwa imekwisha kabla fundi hajalipwa chochote.

Takwimu nazo zikaguliwe, lakini kwa tahadhari. Toleo la zamani la Google Analytics liliacha kuhesabu wageni wa tovuti za kawaida tarehe 1 Julai 2023, na bado nakutana na wafanyabiashara wanaoamini kwamba tovuti yao inapimwa kumbe kipimo kilikufa siku hiyo na hakuna aliyekiangalia. Kama huna kipimo kinachofanya kazi, kiweke leo na usubiri angalau mwezi mmoja kabla ya kuamua lolote, kwa maana bila hesabu za kabla hutajua kamwe kama tovuti mpya imesaidia au imeharibu. Sambamba na hicho, fungua Search Console ya Google, ambayo pia haina malipo, uone ni maneno gani watu waliyatafuta na ni ukurasa upi uliowapokea. Mara nyingi mwenye biashara hushangaa kugundua kwamba ukurasa unaomletea wateja si ule wa mwanzo aliougharamia, bali ni mmoja wa pembeni alioandika mwenyewe miaka mitano iliyopita.

Ukarabati au ujenzi mpya

Kasoro nyingi zinazolalamikiwa ni za ukarabati. Kivinjari cha Chrome, tangu Julai 2018, huiandika tovuti isiyo na cheti cha usalama kuwa "si salama", na mwenye biashara akiona neno hilo hudhani kila kitu kimeoza. Kumbe cheti chenyewe kinapatikana bure kutoka Let's Encrypt, huduma inayotoa vyeti hivyo, na fundi anayejua kazi yake hukiweka kabla ya chai ya saa nne. Uzito wa kurasa nao ni wa kundi hilo hilo. Picha iliyopigwa kwa simu na kupakiwa jinsi ilivyo huweza kuwa na megabaiti nne. Kumi zikipangwa kwenye ukurasa mmoja, mteja anakula megabaiti arobaini za bando lake ili tu aone viatu. Zikipunguzwa hadi kilobaiti mia mbili kila moja, jicho halitambui tofauti kwenye kioo cha simu. Kipimo kinachopendekezwa na Google ni kwamba sehemu kubwa kuliko zote ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, na chombo chao cha PageSpeed Insights kitakuonyesha ulipo. Maandishi ya kijivu juu ya weupe, ambayo wasanifu huyapenda na ambayo hayasomeki kwenye jua la saa saba mchana, nayo hubadilishwa kwa mstari mmoja tu. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, unaoeleza jinsi tovuti zinavyoweza kutumiwa na watu wote, unataka uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake.

Ujenzi mpya huwa wa haki pale kasoro inapokuwa kwenye msingi. Dalili ya kwanza ni tovuti isiyotumika kwenye simu bila kuivuta na kuikuza kwa vidole viwili. Google ilikamilisha mwaka 2023 mpango wake wa kuzikagua tovuti kwa kutazama sura yake ya simu, na hii ina maana kwamba maelezo yanayoonekana kwenye kompyuta tu, yasiyokuwapo kwenye sura ya simu, hayahesabiwi katika utafutaji. Dalili ya pili ni programu iliyoachwa nyuma. PHP, lugha inayoendesha WordPress (programu ya kujengea tovuti) na tovuti nyingine nyingi, toleo lake la 7.4 lilikoma kupokea marekebisho ya usalama Novemba 2022; tovuti isiyoweza kupanda toleo jipya bila kuvunjika ni mlango usio na komeo. Dalili ya tatu haihusu mitambo, na kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote: biashara yenyewe imebadilika. Aliyeanza kwa kuchapisha kadi za arusi sasa anauza mabango na fulana, lakini menyu ya tovuti bado imepangwa kwa ajili ya kadi, na kila huduma mpya imebandikwa pembeni kama kibanda cha mabati kwenye ukuta wa jengo. Hapo ukarabati utakuwa ni kupaka rangi tu. Na ikiwa mtu mmoja tu ndiye awezaye kubadilisha bei, na mtu huyo hapokei simu, sihitaji dalili nyingine.

Kuna njia ya kati ambayo mafundi hatupendi kuitaja, kwa sababu haina uzinduzi wala keki: kujenga upya kipande kwa kipande. Anza na ukurasa ambao daftari limeuonyesha kuwa unawakwamisha watu, uumalize, upime kwa mwezi mmoja, kisha uende kwa unaofuata. Kubadilisha vyote kwa siku moja ni hatari hata kwa wenye fedha. Kampuni ya Uingereza ya Marks & Spencer ilizindua tovuti mpya Februari 2014, iliyoripotiwa kugharimu pauni milioni 150, na wateja wa siku zote wakatakiwa kujisajili upya; mauzo yake ya mtandaoni yalishuka kwa asilimia 8.1 katika robo ya mwaka iliyoishia Juni. Duka la Luthuli Avenue halina kifua cha kubeba robo mwaka ya namna hiyo.

Msimu

Hili ni jambo fupi lakini husahauliwa. Tovuti haihamishwi msimu wa mavuno wa biashara yako. Muuza sare asiguse chochote kuanzia Desemba hadi wiki ya pili ya masomo. Mhasibu aiepuke Juni, kwa kuwa tarehe 30 ya mwezi huo ndiyo mwisho wa watu binafsi kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Kampuni ya safari izingatie kwamba nyumbu wa Maasai Mara hutazamwa kati ya Julai na Oktoba, na wageni huweka nafasi miezi mingi kabla ya hapo. Tafuta mwezi wako wa ukame, uhesabu kurudi nyuma miezi mitatu, na hapo ndipo kazi ianze. Miezi mitatu naitaja kwa uzoefu: mara nyingi kinachochelewesha ni mwenye biashara ambaye hajaleta picha na maandishi. Kwa hiyo maneno yaandikwe kwanza na mchoro ufuate. Anayechora kabla ya maneno huacha masanduku ambayo baadaye hujazwa sentensi zisizosema kitu.

Ufunguo uko kwa nani

Kabla hujatangaza kwamba unataka tovuti mpya, jua kwanza ya zamani imeandikishwa kwa jina la nani. Majina yote yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KeNIC na kuuzwa kupitia wasajili walioidhinishwa, na mara nyingi fundi wa kwanza alilisajili jina kwa baruapepe yake mwenyewe, si kwa nia mbaya bali kwa haraka. Miaka ikapita, fundi akaenda kufanya kazi Doha, na jina la biashara yako likabaki kwenye akaunti ambayo huwezi kuifungua. Mtafute sasa, mkiwa bado mnasalimiana, na umwombe kwa upole alihamishie kwa baruapepe ya biashara. Chukua pia nywila za seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, za kusimamia tovuti, za Google Analytics na Search Console, za ukurasa wa biashara kwenye ramani ya Google, na za Daraja, mfumo wa Safaricom unaounganisha tovuti na M-Pesa, kama unapokea malipo kwa njia hiyo. Kisha utengeneze nakala kamili ya tovuti pamoja na hifadhidata yake, na uiweke mahali pengine mbali na seva hiyo hiyo.

Uliza pia baruapepe zenu zinakaa wapi. Biashara nyingi huhifadhi tovuti na baruapepe kwenye seva moja bila kujua; siku seva inapobadilishwa, rekodi zinazoelekeza baruapepe husahauliwa, na maombi ya bei yanaenda kusikojulikana huku tovuti mpya ikisifiwa kwa uzuri wake.

Anwani za zamani

Hapa nina kosa langu mwenyewe la kusimulia. Nilimjengea tovuti mpya muuza vipuri wa Kirinyaga Road. Anwani za kurasa zake za zamani ziliishia kwa tarakimu zisizo na maana, nami nikazibadilisha zote ziwe na majina ya vipuri, nadhifu kabisa, bila kuziunganisha zile za zamani na hizi mpya. Ukurasa nambari 47 ulikuwa wa klachi za Probox. Ukurasa huo peke yake ndio uliokuwa ukileta simu nyingi za asubuhi, kwa sababu Google ilikuwa imeuzoea na mafundi wa magari walikuwa wamepeana kiungo chake. Kwa wiki mbili simu zikapungua, nasi tukalaumu hali ya uchumi. Nilipofungua Search Console nikakuta mamia ya watu wamefika kwenye namba 47 wakaambiwa ukurasa haupo. Kuyarekebisha kulinichukua alasiri moja. Kurudi kwa simu kulichukua wiki kadhaa, na mzee yule alinivumilia kuliko nilivyostahili.

Tangu hapo, kazi ya kwanza ninayofanya ni kuandika kwenye jedwali anwani ya kila ukurasa wa zamani, na mbele yake anwani mpya itakayoupokea. Uelekezaji huo, unaompeleka mgeni wa anwani ya zamani moja kwa moja kwenye mpya, uwe wa kudumu, ule ambao mafundi huuita kwa nambari yake, 301, na kila ukurasa uelekezwe kwenye mwenzake wa karibu, si wote kurundikwa kwenye ukurasa wa mwanzo. Google inashauri uelekezaji huo udumu angalau mwaka mmoja. Mimi siuondoi kamwe, kwa kuwa hauli chochote. Ukurasa unaoleta wateja usipambwe upya hata kidogo. Uhamishe na maneno yake.

Malipo na fomu

Mkenya amelipa kwa M-Pesa tangu 2007 na ana mazoea yake. Nambari ya Till au ya Paybill iwe maandishi yanayonakilika, na kando yake uandike jina litakalotokea kwenye simu ya mteja kabla hajathibitisha, kwa sababu mara nyingi jina lililosajiliwa silo lililo kwenye bango la duka, na mteja mwangalifu akiona jina asilolijua hughairi malipo. Ombi la malipo linalojitokeza lenyewe kwenye simu na kumwachia mteja kuingiza nambari ya siri tu ni bora zaidi, lakini liwe na njia mbadala iliyoandikwa chini yake kwa siku ambazo mtandao unasuasua.

Fomu nazo zikaguliwe upya. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, anayekusanya majina na nambari za simu hana budi kumweleza mteja anazitumia kwa kazi gani, na asikusanye zaidi ya anachohitaji. Biashara ndogo nyingi zimesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, lakini zinazohudumia wagonjwa, zinazoendesha shule au zinazotoa huduma za fedha hazipati msamaha huo hata zikiwa ndogo. Fomu ya muuza maua inayomwuliza mteja tarehe yake ya kuzaliwa iondolewe tu, haimsaidii mtu.

Majaribio na siku ya kuhama

Mtaalamu wa matumizi ya tovuti Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, na sijaona sababu ya kumpinga. Watafute watano wasiokujua, watumie simu zao na bando lao, ambalo bila shaka utawarudishia. Wape kazi halisi: "Tafuta sweta ya saizi 28, uniambie bei yake na vile utakavyolipa." Kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Mwenye duka wa sare alijaribu mara mbili kumwelekeza kijana kwa kidole kabla sijamwomba atoke nje akanywe chai.

Hamia Jumanne asubuhi, si Ijumaa jioni wakati fundi anaelekea ushago. Tovuti ya zamani ihifadhiwe tayari kurudishwa ndani ya saa moja. Tovuti mpya ikishapanda, lipa mwenyewe shilingi 10 uone kama risiti inakuja, gusa nambari ya simu uone kama inapiga, tuma fomu, tuma baruapepe kutoka nje, na ufungue anwani kumi za zamani ukianza na zile zinazoleta wateja. Halafu uangalie kitu kimoja kidogo ambacho kimewaumiza wengi: katika WordPress kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti, ambacho hutiwa alama wakati wa ujenzi na kusahauliwa hapo. Tovuti nzuri inaweza kukaa miezi bila kuonekana Google kwa ajili ya alama hiyo moja.

Mkataba na fundi, ambao ulipaswa kuwa umeandikwa tangu mwanzo, ugawe malipo kwa hatua, na sehemu ya mwisho ibaki mkononi mwako hadi wiki nne baada ya kuhama. Katika wiki hizo linganisha hesabu na za majuma kama hayo ya mwaka uliopita badala ya mwezi uliopita, kwa kuwa misimu hudanganya. Daftari la kaunta nalo lifunguliwe tena kwa wiki mbili. Maswali yaliyokuwamo hapo awali yakiwa bado yanaulizwa, apelekewe fundi orodha yake kabla hajatumiwa ile sehemu ya mwisho.